Kutoka Pishi ya Karafuu hadi Fomu ya Simu

Pemba imezoea kupimwa. Mchumaji karafuu alimimina mavuno yake kwenye pishi, mtu mwingine akaandika kwenye daftari, na bei ikaamuliwa ng'ambo ya bahari. Nikizitazama ajira za kampuni za programu za kompyuta Zanzibar leo, naliona daftari lile lile, ila sasa limo ndani ya simu.

Tuanzie 1872. Kimbunga cha mwaka ule kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika. Tangu hapo Pemba ikawa shamba, na mji wa Unguja ukabaki ofisi: forodha, soko, hesabu. Mapinduzi ya 1964 yalibadilisha wenye ofisi, si mahali pake. Mwaka 1968 likaundwa shirika la ZSTC, mnunuzi wa serikali. Lilikuwa na vituo Pemba, lakini bei haikupangwa kituoni. Walioiona ndogo walipakia mashua usiku wakaelekea Kenya. Serikali iliita magendo. Wenyewe waliita riziki.

Basi zikaja programu. Mwaka 2010 umeme wa waya wa chini ya bahari ulifika kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Mwaka 2019 Wizara ya Afya na shirika la D-tree wakazindua Jamii ni Afya. Mhudumu wa kujitolea anapiga hodi, anafungua simu, anamhoji mama mjamzito. Programu inampa maswali hatua kwa hatua, na dalili ya hatari ikionekana inamwelekeza ampe mama rufaa. Ni kazi ya heri, wala siibezi.

Lakini kwa wengi vijijini, huo ndio usaili wa programu wanaoujua: wao ndio wanaoulizwa. Usaili wa pili, wa kuajiriwa na wanaotengeneza fomu, uko mbali. Mpango wa Silicon Zanzibar, uliotangazwa 2022 ili kuvutia kampuni za teknolojia, uliweka kituo chake Fumba, Unguja. Kijana aliyesoma kompyuta akatoka Wete, akiitwa huko, ameshalipa nauli ya boti na kutafuta jamaa wa kumlaza kabla hajajibu swali la kwanza.

Watu husema kampuni hufuata uwanja wa ndege na wateja. Sawa. Ila karafuu ilihitaji jahazi, programu haihitaji. Inahitaji umeme, intaneti na mtu anayeijua kazi. SUZA ina kampasi Pemba. Sababu ya zamani imeisha nguvu.

Na hapa si suala la mishahara tu. Kazi yangu ya uandishi wa habari ni kuhoji, na najua swali baya huzaa jibu la uongo. Tuseme fomu inauliza kama mkuu wa kaya yupo nyumbani. Mume yuko dago, anavua, mwezi wa pili huu. Pesa anatuma, nyumba anaiendesha mke. Jibu ni ndiyo au hapana? Mpemba angeliona tatizo hilo fomu ikiwa bado rasimu. Akiletewa simu tayari, atabonyeza chochote ili aendelee na ukurasa unaofuata, na huko ofisini watakiita takwimu.

Kwa hiyo wanaoajiri waweke meza ya usaili Chake Chake au Wete pia. Nauli ya boti walipe wao.