Chombo kinachovuja: namna mafundi wa pwani ya Cabo Delgado wanavyotengeneza mbao zilizooza

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia Quionga karibu na mlango wa mto Ruvuma hadi Palma, Mocímboa da Praia na visiwa vya Quirimbas, vyombo vya mbao vyenye tanga bado hubeba samaki, nafaka na abiria. Kimbunga Kenneth kilipopiga tarehe 25 Aprili 2019, wavuvi wengi walipoteza vyombo vyao. Na Palma iliposhambuliwa mwezi Machi 2021, wakazi wengi walitoroka kwa njia ya bahari kuelekea Pemba. Katika safari kama hiyo, ubao uliooza si hasara ya mali peke yake.

Maji huingia chomboni kwa njia mbili. Ya bahari hupenya chini, kati ya ubao na ubao, hujaa ngamani na huonekana mara moja. Mabaharia huyafua na safari ikaendelea. Ya mvua hushuka kutoka juu, huingia katika nyufa za sitaha ya omo na ya tezi, kisha hutuama juu ya mataruma na kuzunguka vichwa vya misumari. Hayo ndiyo maadui wa kweli wa mbao, kwa sababu chumvi huwazuia kuvu wanaoozesha mti, ilhali maji matamu huwastawisha. Chombo kilichoachwa ufukweni msimu mzima wa mvua bila kufunikwa huweza kuoza juu huku mkuku wake ungali mzima.

Fundi hungoja maji ya bamvua yakupwe, chombo kikae mchangani. Humwaga maji ndani yake, na kila yanapotokeza nje hutia alama ya mkaa. Sitaha huigonga kwa mpini wa nyundo: ubao mzima hulia kwa ukali, uliooza hutoa sauti butu. Ncha ya kisu ikizama bila kulazimishwa, ubao hukatwa, tena si palipolainika tu, kwani kuvu huwa wamekwisha kulipita doa linaloonekana. Taruma la chini nalo hukaguliwa. Kupigilia ubao mpya juu ya taruma bovu ni kazi ya bure. Kipande kipya, kwa mfano cha mbambakofi, ambao Wareno huuita chanfuta, hukatwa ili ncha zake zilale juu ya mataruma.

Kisha hufuata kalafati. Pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta ya nazi au sifa ya papa hushindiliwa katika mianya kwa chembeu na nyundo. Hapa haraka huharibu. Chombo kilichokauka juani kwa miezi huwa na mianya mipana. Kikijazwa pamba kwa nguvu, mbao zikivimba majini husukumana mpaka misumari hulegea. Mafundi waangalifu hukilowesha kwanza. Wengine huziba kwa saruji kwa kuwa hupatikana kwa urahisi, lakini saruji haivimbi wala haipindi pamoja na ubao. Hupasuka, na maji hujificha nyuma yake. Chini ya chombo hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta, ili kuzuia funza wa baharini wanaotoboa mbao.

Chombo hurudishwa majini bila shehena. Kuvuja kidogo saa za mwanzo ni kawaida, kwa kuwa mbao bado zinavimba. Ikiwa maji kujaa mara ya pili bado ngama inahitaji kufuliwa, hurejeshwa mchangani na mkaa hushikwa tena.