Vumbi, Pumzi na Injini: Historia ya Chujio la Hewa

Magari ya zamani yalivuta hewa jinsi ilivyokuja. Ford Model T, iliyoingia sokoni mwaka 1908, ilitoka kiwandani bila chujio la hewa. Vumbi lilipita kwenye kabureta, likaingia kwenye silinda na kusaga ringi kama msasa.

Dawa iliyotamba kwa miaka mingi ilikuwa chujio la oili. Land Rover za mwanzo na Volkswagen Beetle zilikuwa nalo, na mafundi wazee wa kwetu wanalijua vizuri: bakuli la bati lenye oili chini na wavu wa chuma juu yake. Hewa ilishuka kwa kasi, ikafika kwenye oili na kugeuka ghafla kupanda. Punje nzito zilishindwa kugeuka nayo, zikanasa. Ukilifungua baada ya safari ya kiangazi, chini ulikuta tope. Ulilimwaga, ukaliosha bakuli kwa mafuta ya taa, ukajaza oili mpya hadi kwenye alama. Udhaifu wake ulionekana injini ikizunguka polepole, maana hewa isiyo na kasi hubaki na vumbi lake.

Kuanzia miaka ya 1950 karatasi iliyokunjwakunjwa ikalisukuma kando. Ni nyepesi, haimwagiki, na huchuja vizuri hata gari likiwa limesimama linanguruma. Wenye magari ya mbio hawakuridhika: karatasi ikishika vumbi hubana pumzi, na injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta.

Huko Riverside, California, Ken Johnson na Norm McDonald, watu wa pikipiki, walianzisha K&N. Chujio lililowapa jina lilikuwa la kitambaa cha pamba kilicholoweshwa oili na kubanwa kati ya nyavu mbili. Likichafuka huoshwa, hukaushwa, hutiwa oili na kurudishwa kazini. Wengine walitumia sponji yenye oili, na soko la machujio ya mbio likakua.

Leo kijana mwenye Subaru Impreza ya turbo hung'oa boksi la kiwandani na kufunga chujio lenye umbo la pia, wazi ndani ya boneti. Mlio wa turbo husikika vizuri zaidi, sikatai, lakini chujio hilo likikosa kinga huvuta hewa ya moto ya injini, na hewa ya moto ina oksijeni kidogo. Oili ikizidi kwenye pamba hurushwa hadi kwenye sensa ya hewa, nayo ikianza kutoa vipimo vya uongo gari hukosa nguvu.

Kipimo cha haki kipo: ISO 5011. Vumbi maalumu humwagwa kwa kiwango kilichopangwa, na lililopenya hunaswa nyuma na kupimwa kwenye mizani. Muulize muuzaji matokeo hayo, si ahadi za nguvu zilizoandikwa kwenye boksi. Kwenye lami na uwanja wa mbio, pamba inayotunzwa vizuri inafaa. Lakini kama njia yako ni ya vumbi kama lile la Naivasha, ambako Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, bakiza boksi la kiwandani, weka karatasi bora na uibadilishe mapema.