Historia Iko Kwa Kitanda

Reli ya Thika ilifunguliwa 1913 kubeba mazao ya walowezi. Viwanda vikafuata, na viwanda huhitaji mafundi wa kukereza vyuma. Neno lenyewe ni la Pwani: mafundi wa Lamu walikereza miguu ya vitanda.

Mashine ninayofufua nyumbani Ruiru pia ina kitanda, reli mbili za chuma. Kimelika upande wa kichwa, pale kazi nyingi ilifanyiwa. Vipimo ni vya inchi, Uingereza kabisa. Nimetoa kutu kwa dizeli na brashi ya waya, nikaweka beringi mpya.

Niliinunua Thika kabla ikatwe iuzwe kwa kilo. Maze, skrapu inauzwa mara moja tu. Mashine ikizunguka, shafti ya posho mili inatengenezwa hapa mtaani.