Hirizi ya mtoto mchanga

Mtoto akizaliwa hapa Marabo, jamaa huja na zawadi. Mara nyingine, katikati ya nguo na sabuni, mna kamba yenye kipande cha mzizi, ya kumfunga mkononi au kiunoni ili ndoto mbaya zisimfikie.

Katika Ezekieli 13:18-20, Bwana anasema atazirarua hirizi za mikononi na kuwaachilia walionaswa nazo. Kwa hiyo hatuzifungi, hata ile iliyoshonewa mstari wa Biblia ndani.

Lakini aliyeileta si adui. Mara nyingi ni nyanya anayemwogopea mjukuu, pengine amekwisha kuzika watoto wake mwenyewe. Tusimwaibishe mbele ya wageni. Tumshukuru kwa kuja, tumweleze kwa upole, kisha tumwombe apige magoti pamoja nasi tumwombee mtoto.

Mtoto mchanga kushtuka kidogo usingizini ni kawaida. Akiwa na homa, akikataa kunyonya au akikakamaa mwili, apelekwe hospitali palepale, hata usiku. Nyankunde si mbali. Na anayetafuta zawadi ya kumlinda mtoto usiku, alete chandarua.