Povu Lililozama Mchangani: Maji ya Ardhini ya Uwanja wa Ndege wa Ronneby

Uwanja wa ndege wa Ronneby, katika jimbo la Blekinge kusini mwa Uswidi, umejengwa juu ya mchanga na kokoto zilizoletwa na maji ya barafu iliyokuwa ikiyeyuka mwishoni mwa zama za barafu. Ardhi ya namna hiyo ni tambarare na haituamishi maji, kwa hiyo inafaa kwa njia za kurukia ndege. Vilevile hunyonya mvua upesi na kuihifadhi chini, kwa hiyo inafaa kwa visima. Mwaka 1944 jeshi la anga la Uswidi lilianzisha hapo kikosi cha F 17, kandokando ya mji mdogo wa Kallinge, na baadaye ndege za abiria zikawa zinatua kwenye uwanja huohuo. Si mbali na hapo, mtambo wa maji wa Brantafors ulichota maji ya ardhini na kuyapeleka kwa takriban thuluthi moja ya kaya za manispaa ya Ronneby. Kilichomwagwa juu ya mchanga huo hakikuwa na safari ndefu kufika kwenye bilauri ya mtu.

Kilichomwagwa kilikuwa povu la kuzimia moto, nalo lina historia yake. Moto wa mafuta haushindwi kwa maji matupu: petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu yake na kuendelea kuwaka, tena huenda na maji popote yanapotiririka. Mwaka 1904 Aleksandr Loran, mwalimu aliyefundisha Baku, mji wa visima vya mafuta, alipata hataza ya povu la kemikali lililofunika mafuta na kuyanyima hewa. Baadaye likaja povu la protini, lililotengenezwa kwa kwato, pembe na damu za mifugo. Povu hilo lilikuwa zito na la kuaminika, ila lilisambaa polepole. Ndege iliyoanguka ikiwa na matangi yaliyojaa haimpi zimamoto nafasi hiyo, kwa maana abiria walionaswa ndani hupimiwa muda kwa sekunde.

Suluhisho lilipatikana miaka ya 1960, pale maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani iliposhirikiana na kampuni ya 3M. Walitumia molekuli zenye sehemu mbili: kichwa kinachopenda maji, na mkia wa kaboni uliovikwa florini pande zote, unaokataa maji na kukataa mafuta pia. Zikichanganywa kidogo tu katika maji, molekuli hizo hupunguza mvutano wa uso wa maji kiasi kwamba maji hujitandaza juu ya petroli kama utando mwembamba, ingawa ni mazito kuliko petroli yenyewe. Utando huo huziba mvuke wa mafuta, na moto hukosa chakula. Tarehe 29 Julai 1967 manowari ya kubebea ndege USS Forrestal iliungua katika Ghuba ya Tonkin baada ya roketi kufyatuka kwa bahati mbaya. Watu 134 walikufa, na katika taharuki baadhi ya mabaharia walimwaga maji yaliyosomba povu lililokwisha kutandazwa na wenzao. Baada ya msiba huo povu la utando lilienea upesi katika majeshi, kisha katika viwanja vya ndege vya kiraia. Ni haki kusema kwamba liliokoa watu. Walioligundua walikuwa wakitafuta njia ya kuwatoa binadamu motoni, na njia hiyo waliipata.

Uimara uleule ulioipa kemikali hiyo thamani ndio uliokuja kuwa balaa. Kifungo kati ya kaboni na florini ni miongoni mwa vifungo vyenye nguvu kuliko vyote katika kemia ya kaboni. Joto la moto wa kawaida halikimalizi, na bakteria wa udongoni hawana namna ya kukila. Familia nzima ya kemikali hizi huitwa PFAS, na tatu katika familia hiyo zitatajwa tena na tena katika habari ya Kallinge: PFOS yenye kaboni nane, PFHxS yenye kaboni sita, na PFOA.

Wengi hudhani kwamba uchafu wa viwanja vya ndege ulitokana na ajali. Mara nyingi haikuwa hivyo. Ndege huungua kwa nadra, lakini zimamoto lazima wafanye mazoezi, maana Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, hudai kila kiwanja kiwe na kikosi, magari na povu kulingana na ukubwa wa ndege zinazotua. Kwa hiyo katika kona ya kiwanja palikuwa na shimo au sakafu ya mazoezi. Mafuta yalimwagwa, yakawashwa, yakazimwa kwa povu, na kilichobaki kikaachwa kizame ardhini. Magari yalijaribiwa mabomba, matangi yakasuuzwa, na maji ya suuza yakaenda njia ileile. Kallinge povu la utando lilianza kutumiwa katikati ya miaka ya 1980. Hakuna aliyevunja sheria kwa kulimwaga, kwa kuwa sheria yoyote juu ya kemikali hizo haikuwepo.

Dalili zilikuwepo mapema. Mwaka 1968 mtafiti wa Marekani Donald Taves aliandika kwamba damu ya binadamu ina florini ya aina isiyotokana na dawa ya meno wala maji ya bomba. Lakini kupima kemikali moja moja katika maji kulihitaji mashine zinazotenganisha molekuli katika kimiminika na kuzipima uzito, na mashine hizo zilifikia maabara za mazingira katika miaka ya 1990. Mwaka 1999 watafiti Cheryl Moody na Jennifer Field walichapisha vipimo vya maji ya ardhini kutoka viwanja viwili vya kijeshi vya Marekani, Fallon na Tyndall, ambako zimamoto walikuwa wakifanya mazoezi, na kemikali za povu zilikuwemo. Mwaka 2000 lita 22,000 za povu zilimwagika kwa bahati mbaya katika uwanja wa Pearson, Toronto, zikaingia kijito cha Etobicoke, na PFOS ikapatikana katika maini ya samaki. Mwaka 2003 ikaja taarifa ya kituo cha jeshi la anga cha Wurtsmith, Michigan: mazoezi ya moto yalikoma hapo mwaka 1993, kituo kikafungwa, lakini kemikali zilikuwa zingali katika maji ya ardhini miaka mingi baadaye. Wakati huo 3M yenyewe ilikwisha kutangaza, Mei 2000, kwamba itaacha kutengeneza PFOS.

Kallinge maji yalipimwa mwishoni mwa 2013. Kati ya taarifa ya Moody na Field na kipimo hicho ilipita miaka 14, na katika miaka hiyo watoto walizaliwa, wakanyonyeshwa na kukua kwa maji ya Brantafors. Mtambo ulikuwa ukipima maji yake wakati wote huo. Lakini kipimo cha maji hujibu swali lililoulizwa tu: kama kuna bakteria, kama kuna naitreti, kama kuna metali. PFOS haikuwa kwenye orodha, na katika maji haina rangi, harufu wala ladha.

Majibu ya Desemba 2013 yalionyesha kwamba maji yaliyokuwa yakitoka mtamboni yalikuwa na takriban nanogramu 8,000 za PFOS kwa lita, 1,700 za PFHxS na 100 za PFOA. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu, na kwa sikio la mtu wa kawaida kiasi hicho ni kama si kitu. Kipimo cha haki ni kingine: mwaka uliofuata mamlaka ya chakula ya Uswidi iliweka nanogramu 90 kwa lita, kwa jumla ya PFAS kadhaa, kuwa kiwango cha kuchukua hatua. Maji ya Brantafors yalikuwa zaidi ya mara 100 ya hapo. Tarehe 16 Desemba 2013 mtambo ulifungwa, na wakazi wakaanza kupewa maji ya mtambo mwingine wa manispaa, Kärragården.

Kuchunguza uchafu wa aina hii ni kazi yenye uangalifu usio wa kawaida. Visima vyembamba vya uchunguzi huchimbwa kuzunguka eneo la mazoezi na kando ya njia inayodhaniwa kufuatwa na maji. Kina cha maji katika kila kisima hupimwa, kwa sababu maji ya ardhini nayo hushuka kutoka juu kwenda chini, na tofauti ya sentimita chache kati ya visima viwili hutosha kuonyesha mwelekeo. Anayechota sampuli havai koti lisilopitisha mvua, hatumii mpira wala mkanda wa Teflon, hata chakula kilichofungwa kwa karatasi isiyopenyeza mafuta hakifiki hapo, kwa kuwa vitu hivyo vinaweza kuwa na PFAS zilezile anazozitafuta. Hubeba pia chupa ya maji safi kabisa kutoka maabara, huifungua kisimani na kuirudisha kupimwa pamoja na nyingine. Ikipatikana na kemikali, sampuli zote za siku hiyo hutiliwa shaka.

Ugumu zaidi uko katika kusoma majibu. Molekuli ndefu kama PFOS hung'ang'ania udongo wenye mboji na kusafiri polepole, ilhali fupi kama PFHxS hutangulia. Kwa hiyo uwiano wake hubadilika kadiri mtu anavyoondoka kwenye chanzo, na uwiano huo humwambia mchunguzi yuko umbali gani. Zaidi ya hapo, mapovu huwa na kemikali nyingine ambazo ardhini hubadilika taratibu na kuishia kuwa PFOS. Mafuta ya ndege yaliyomwagwa katika shimo lilelile huliwa na bakteria kadiri miaka inavyokwenda. PFOS hubaki, na udongo uliolowa miaka 20 huendelea kuitoa kila mvua inaponyesha.

Uchunguzi wa Kallinge haukuishia ardhini. Kuanzia 2014 zaidi ya wakazi 3,000 wa Ronneby walitoa damu, na watafiti wa vyuo vikuu vya Lund na Gothenburg wakailinganisha na ya watu wa Karlshamn, manispaa jirani ambayo maji yake hayakuwa na uchafu huo. Wastani wa PFHxS ulikuwa mara 135 ya ule wa Karlshamn, wa PFOS mara 35, na wa PFOA mara 4.5. Katika maji PFOS ilikuwa karibu mara tano ya PFHxS, lakini katika damu zilikaribiana. Sababu ilionekana watafiti walipowafuatilia watu 106 baada ya kupata maji safi: mwili huchukua takriban miaka 5.3 kupunguza PFHxS kwa nusu, 3.4 kwa PFOS na 2.7 kwa PFOA. Tafiti zilizofuata zilionyesha pia kwamba waliokuwa na viwango vya juu walielekea kuwa na kolesteroli nyingi zaidi. Mama hupunguza mzigo wake kwa kunyonyesha, na kinachopungua kwake humfikia mtoto. Ni vigumu kufikiria habari nzito kuliko hiyo kwa mzazi aliyekuwa akimimina maji ya bomba bila wasiwasi.

Wakazi waliunda chama na kuishtaki kampuni ya manispaa iliyowauzia maji. Hoja yao ilikuwa rahisi: maji ni bidhaa, na bidhaa hii ilikuwa na kasoro. Kampuni ilijibu kwamba damu yenye kemikali si ugonjwa. Aprili 2021 mahakama ya wilaya ya Blekinge iliwapa wakazi haki, lakini Desemba 2022 mahakama ya rufani ilitengua hukumu hiyo kwa maelezo kwamba hatari ya kuugua baadaye bado si madhara. Takriban watu 150 waliendelea hadi Mahakama ya Juu. Tarehe 5 Desemba 2023 mahakama hiyo iliamua kwamba kuwa na viwango vikubwa hivyo vya PFAS mwilini ni madhara ya mwili, hata kabla ya ugonjwa kujitokeza. Siku chache kabla ya hapo, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikuwa limetangaza kwamba PFOA husababisha saratani kwa binadamu na kwamba huenda PFOS nayo ikafanya hivyo.

Povu lenyewe limekuwa likiondolewa kwa hatua. PFOS iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali zinazodumu katika mazingira, mwaka 2009, PFOA mwaka 2019 na PFHxS mwaka 2022. Kenya na Tanzania ni wanachama wa mkataba huo, hivyo akiba za povu la zamani katika viwanja vyao zinahusika pia. Umoja wa Ulaya ulikataza matumizi ya povu lenye PFOS kuanzia Juni 2011, na mapovu yasiyo na florini sasa yanakubaliwa viwanjani. Nchini Uswidi, kuanzia 1 Januari 2026, maji ya kunywa hayaruhusiwi kuzidi nanogramu 4 kwa lita kwa jumla ya PFAS nne, zikiwemo hizo tatu zilizopatikana Brantafors.