Bakuli Jekundu la San Antonio: Asili ya Chili na Ugomvi wa Wapenzi Wake

Neno chili ni la Kinahuatl, lugha ya Waazteki wa Meksiko, nalo kwa asili ni jina la pilipili yenyewe, si la chakula. Mmea huo ulilimwa Meksiko kwa maelfu ya miaka kabla ya Columbus kufika Amerika mwaka 1492. Ulipofika pwani ya Afrika Mashariki, jina lake la Kinahuatl halikufuatana nao. Waswahili waliuita pilipili, neno ambalo shina lake ni la Kisanskriti nalo lilipita katika Kiajemi na Kiarabu likiwa jina la kiungo cha Bara Hindi. Na pilipili nyeusi, iliyo karibu zaidi na kiungo hicho, leo yatajwa kwa kuongezewa neno, pilipili manga. Katika Texas jina lilikwenda njia nyingine: lilitoka katika mmea likaingia katika chungu. Wenye kusema Kihispania waliita chakula chao chile con carne, yaani pilipili pamoja na nyama. Wamarekani wakalikata jina hilo, likabaki chili tu.

Chungu chenyewe chafahamika zaidi kwa habari za mji wa San Antonio. Texas ilikuwa ya Uhispania, kisha ya Meksiko hadi mwaka 1836, na mwaka 1845 ikaingia katika Marekani. Mwaka 1731 familia kutoka Visiwa vya Kanari zililetwa kukaa San Antonio, na yasimuliwa kuwa ndizo zilizoleta upendo wa bizari nyembamba, ingawa masimulizi hayo si ushahidi. Ushahidi ulioandikwa ni wa J. C. Clopper, aliyeuzuru mji huo mwaka 1828. Alieleza jinsi watu maskini, kwa kuwa nyama waliyoweza kununua ilikuwa haba, walivyoikatakata vipande vidogo na kuipika pamoja na pilipili zilizokaribia kuwa nyingi sawa na vipande vyenyewe. Basi ukali wa chakula hiki haukuanza kuwa anasa. Ulikuwa hila ya kukifanya kidogo kitoshe.

Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa chakula hicho kilitoka majikoni kikaingia uwanjani. Jioni, wanawake wenye asili ya Kimeksiko waliweka meza na mabenchi katika uwanja wa Military Plaza, wakawasha taa na kupasha moto vyungu vilivyopikwa nyumbani. Walikuwa wapishi wa namna ya wale ambao Kiswahili cha leo huwaita mama lishe. Wachukuzi, askari, wafanya biashara na wageni waliketi meza moja. Magazeti yakawaita wanawake hao malkia wa chili. Ukumbi wa mji ulipojengwa katikati ya uwanja huo, hapana budi wakahamia viwanja vingine.

Sifa za chakula hicho zilienea upesi kuliko faida ya wapishi wake. Mwaka 1893 kibanda cha chili ya San Antonio kilionekana katika maonyesho makubwa ya Chicago. Katika miaka hiyo hiyo ya 1890 William Gebhardt, mhamiaji wa Kijerumani, alianza kuuza unga wa pilipili uliochanganywa na viungo, ukiwa tayari katika chupa. Kwa unga huo mtu aliye mbali na Meksiko aliweza kupika chili majira yote ya mwaka. Maarifa ya mkono yakawa bidhaa yenye jina la mwenye kiwanda.

Mwaka 1937 idara ya afya ya San Antonio iliwaondoa wauzaji uwanjani kwa sababu ya usafi. Mwaka 1939 Meya Maury Maverick aliwaruhusu warudi chini ya masharti, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1940 desturi hiyo ilikoma.

Wakati huo chili ilikuwa imekwisha kuwa chakula cha kila nyumba. Katika miaka ya dhiki ya uchumi iliyoanza mwaka 1929, mikahawa midogo iliuza bakuli lake kwa senti chache, pamoja na biskuti za chumvi. Kila mahali paliongeza kitu chake. Huko Cincinnati, mwaka 1922, ndugu wawili wa ukoo wa Kiradjieff, wahamiaji kutoka Makedonia, walianza kuimimina juu ya tambi. Na mteja wa mji huo huagiza kwa hesabu: tatu ni tambi, chili na jibini. Tano ni kuongeza vitunguu na maharagwe. Wengi wa Texas huyakataa maharagwe kabisa, wakisema aliyeyatia amepika kitu kingine. Hata hivyo mapishi ya nyumbani kwa Rais Lyndon Johnson, ambayo mkewe aliyachapisha kwenye kadi kwa wingi wa maombi, hayakuwa na maharagwe lakini yalikuwa na nyanya, nazo pia zina wapinzani. Mwaka 1967 Wick Fowler wa Texas na H. Allen Smith, aliyetetea chungu chenye maharagwe, walishindana kupika huko Terlingua. Waamuzi wakatoa sare.

Mwaka 1977 bunge la Texas lilitangaza chili kuwa chakula rasmi cha jimbo. Ilikuwa imepita miaka arobaini tangu meza kuondolewa uwanjani. Wenye kubishana juu ya chili ya kweli hutaja sheria, chapa na mashindano, kwa maana hayo ndiyo yaliyoandikwa. Wanawake wa San Antonio hawakuacha vitabu, na hapana shaka vyungu vyao havikufanana, kwa kuwa kila kimoja kilitoka katika jiko lake. Kwa hiyo anayepika nyumbani kwake kwa namna aipendayo, mwenye maharagwe na asiye nayo, yu karibu zaidi na asili kuliko yule atafutaye kanuni moja.