Sikio, kusikia na “hasikii”: matumizi katika uuguzi

sikio nm. (wingi: masikio) [li-/ya-] kiungo cha mwili kinachopokea sauti na kusaidia kuuweka mwili sawa usiyumbe.

Asili. Nomino hii imeundwa kutokana na kitenzi *sikia*. Lugha nyingi za Kibantu zimebaki na mzizi mwingine: katika Kiganda, ng’ambo ya Ziwa Viktoria, sikio ni *okutu*, wingi *amatu*. Kiswahili kimekiita kiungo kwa kazi yake, na maana za kitenzi huiandama nomino.

Sehemu. Sikio la nje huishia kwenye *ngoma ya sikio*. Sikio la kati lina vifupa vitatu, *nyundo*, *fuawe* na *kikuku*, vinavyopitisha mtikisiko wa ngoma. Katika sikio la ndani, *koklea*, yenye umbo la konokono, hugeuza mtikisiko kuwa ishara za neva.

Hasikii. Neno hili lina maana mbili: “hana uwezo wa kusikia” na “hatii”. Mzazi wa Ukerewe au Sengerema anayemwambia muuguzi, “Mtoto huyu hasikii,” huenda analalamikia ukaidi, nao ukaidi huo huenda ni uziwi usiojulikana. Maana ikikosewa, mtoto hurudi nyumbani kuadhibiwa kwa kosa lisilo lake. Kabla ya kuandika lolote, muuguzi aulize: Akiitwa kutoka nyuma, hugeuka? Hushtuka mlango ukibamizwa? Ameanza kutamka maneno?

Aidha, mtu *husikia* baridi, njaa na maumivu; kwa hiyo “anasikia” peke yake hakuthibitishi kwamba sauti inamfikia. Katika taarifa ya mgonjwa, *uwezo wa kusikia* ni bora kuliko *usikivu*, ambao pia ni sifa ya mtu makini.

Kupima. Kwa mtu mzima huanzwa na mnong’ono, sikio moja baada ya jingine, kisha uma wa sauti. Kipimo kamili hufanywa kwa *audiometa*, na matokeo huandikwa kwa *desibeli*.

Kutoa usaha. Wasemaji wengi husema “sikio linatoa maji” hata pale yanapotoka usaha. Muuguzi atazame mwenyewe, kisha aulize idadi ya siku. Kwa mtoto, usaha wa chini ya siku 14 huhesabiwa kuwa uambukizo wa ghafla; wa siku 14 au zaidi ni *uambukizo sugu*. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio ni dalili ya hatari na mgonjwa hupewa rufaa ya haraka. Kwa Kanda ya Ziwa, hospitali mojawapo ya rufaa ni Bugando, jijini Mwanza. *Nta* si ugonjwa. Huwa tatizo inapoziba tundu.

Kiziwi (wingi: viziwi). Huchukua upatanisho wa a-/wa-: *kiziwi amefika*. Si tusi, Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) hulitumia katika jina lake. *Bubu* halifai kuwa kisawe chake, kwa kuwa hutaja kutosema, na kiziwi anaweza kusema kwa mdomo au kwa lugha ya alama.

Methali. *Sikio la kufa halisikii dawa*: aliyeielekea hatari hasikii onyo. Hapa *kusikia* ni kutii. Methali hii isitumiwe kumhukumu mgonjwa ambaye masikio yake hayajapimwa.

Taz. pia: sikiliza, sikivu, uziwi, usaha, nta.